Tanuri Nyuma ya Ghala la Mizigo

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chai.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za kuta hizi zinazokujua tangu ulipokuwa ukizichora kwa mkaa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, uvimbe wa miguu umepungua, na wagonjwa wa wodi yako wameelewa kuwa kengele ya kitandani si kitu cha kuchezea. Mimi sijambo. Goti la kulia linanikumbusha kila asubuhi kuwa lipo, na miwani imeanza kunidanganya, lakini akili bado imekaa mahali pake, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya watu wengi utakaokutana nao humu ndani.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kama ni kweli barabara mpya itapita juu ya nyumba ya Baba, na kama nitakwenda mkutanoni kuwaambia wale wachimbaji ukweli, kama ulivyoniagiza kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Swali la kwanza ni jepesi: ilikuwa haipiti, sasa itapita. La pili linataka maelezo, na wewe unanijua. Mtu aliyeshika chaki maisha yake yote hawezi kuandika neno moja ubaoni akaenda zake. Jaza kikombe chako, ukae.

Nianze na stesheni yenyewe, kwa sababu umeondoka zamani na nina hofu kwamba huko uliko umeanza kuikumbuka kwa uzuri ambao haikuwahi kuwa nao. Reli zimeng'olewa na wauza vyuma chakavu. Mataruma yaliyobaki, yale magogo ya kulalia reli, yameota uyoga. Bati za paa zimekwenda kuezeka mabanda ya kuku, na kwenye dirisha la tiketi, pale Baba alipokuwa akitokeza pua yake tu ili abiria wasimzoee mkuu wa stesheni, sasa wanalala popo. Tangi la maji limetoboka, nyuki wamelichukua. Saa ya ukutani haina mishale. Kitu pekee kilichosimama kama siku kilipojengwa ni choo cha abiria wa daraja la kwanza, kile tulichokatazwa hata kukichungulia. Siku hizi mbuzi huingia humo bila tiketi.

Na tusidanganyane, haikuwa stesheni ya maana hata ilipokuwa hai. Treni hazikusimama kwa ajili yetu, zilisimama kwa sababu injini ilikuwa na kiu. Ikishiba maji, inaondoka, na sisi tunabaki na moshi wetu. Baba alijenga heshima yake yote juu ya kiu ya injini.

Basi, mhandisi wa barabara alikuja na vigingi vyake, akapima, akachora mstari unaopita juu ya stesheni. Hakuna aliyelia. Sheria inasema kitu kisichotimiza miaka mia hakihesabiwi kuwa cha kale, na stesheni yetu haijafika huko, japo ukiitazama utadhani ilijengwa kabla ya gharika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kabla mahali hapajasawazishwa, lazima waje wanaakiolojia waangalie kama chini hakuna kitu cha zamani zaidi. Hivyo ndivyo tulivyopata Daktari.

Daktari wetu hatibu mtu. Ni kijana mwenye kofia pana iliyofungwa kwa kamba kidevuni, na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka ndani yake. Alikuja na wanafunzi, mahema, na brashi ndogo za kupakia rangi. Wakafunga kamba juu ya ardhi, wakaigawa miraba kama karatasi ya hesabu, kisha wakaanza kufagia udongo kwa brashi hizo, punje kwa punje. Mimi nilikuwa nikienda na kigoda changu kutazama, maana nimestaafu na sina televisheni.

Siwezi kukueleza, mdogo wangu, unyenyekevu ambao watu wale walikipa kizibo cha soda. Kilibebwa kwa vidole viwili, kikapigwa picha na rula pembeni, kikatiwa kwenye mfuko wake peke yake na kupewa namba. Kitana kilichovunjika meno kilijadiliwa hadi wakati wa chakula. Kisha wakafika mbele ya ofisi, pale palipokuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yamepangwa duara. Daktari akayazunguka kimya, akawaambia wanafunzi wake kwamba duara kama hili mara nyingi lina maana ya kiimani. Nikamwambia kwa upole kwamba ilikuwa bustani ya maua ya baba yangu, na kwamba imani pekee iliyohusika ni kuamini kwamba maua yale yangestawi. Akanishukuru sana. Nikachungulia alichoandika: "kwa mujibu wa mtoa habari mmoja." Nimemwona Baba akimwagilia maua yale kila jioni, nimechapwa kwa kuyakanyaga, nami ni mtoa habari mmoja!

Mtoa habari mwingine, na huyu walimpenda, ni binamu yetu Filimbi. Unamkumbuka. Yule ambaye Baba alimfukuza ghalani kwa sababu kila gunia la karanga alilokaribia lilipungua uzito. Sasa anavaa kofia ya kazi ya Baba, sijui aliipata wapi na sitaki kujua, na anawaambia wageni kuwa yeye ndiye aliyekuwa akishika bendera ya kijani na nyekundu. Anasema treni hazikuthubutu kuondoka bila ruhusa yake. Kisha anapuliza filimbi, na kwa kuwa meno ya mbele yamekwenda, kinachotoka ni mate zaidi kuliko sauti. Nilimwambia, "Binamu, bendera uliyoshika wewe ilikuwa shati lako ukikimbia." Akacheka kwa nguvu kuliko wote, akaniambia, "Kaka Mwalimu, wivu utakuua, wewe huna kofia." Wanafunzi wakampiga picha tena.

Haya yote yalikuwa mchezo. Mchezo uliisha siku walipofika nyuma ya ghala la mizigo na kuvunja sakafu ya saruji. Unaijua sakafu ile, ndipo pale Mama alipokuwa akikaa jioni na ungo wake kuchambua maharage, nasi tukimcheka kwamba ana nyumba yenye viti lakini anapenda kukaa stoo kama mzigo uliokosa mwenyewe. Chini ya saruji kulikuwa na kifusi, na chini ya kifusi kulikuwa na duara la udongo uliochomwa hadi ukawa mwekundu kama tofali, na ndani yake vumbi jeusi, na mabonge meusi yenye matundu matundu, yanayong'aa ukiyavunja. Daktari alipiga magoti. Nilidhani ameumwa na nge. Akashika bonge moja, akaliinua juu kama mtu aliyepata mtoto, akasema kwamba hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya kuyeyusha chuma, na kwamba hili ni tanuri la wahunzi wa zamani. Akachota vumbi jeusi kidogo, akalifunga kwenye karatasi ya bati, likapelekwa mbali kupimwa umri.

Mimi nilikunja kigoda changu nikarudi nyumbani mapema. Jirani aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua.

Majibu yaliporudi yalisema miaka zaidi ya elfu mbili. Hapo ndipo ungekuja uone kichaa. Mwenyekiti wetu, ambaye mlango wa nyumba yake umefungwa kwa waya kwa kuwa hawezi kupigilia misumari, aliamka asubuhi akiwa mjukuu wa wahunzi. Alitangaza kwamba sisi ni kizazi cha watu wa chuma na moto. Mwenye hoteli pale njia panda akaandika ukutani "Karibu Tanuri Hoteli". Filimbi naye akakumbuka ghafla kwamba babu yake alimdokezea siri ya mahali hapo, lakini akamkataza kuisema.

Na barabara ikapinda. Tanuri la miaka elfu mbili halifukiwi, kwa hiyo mstari wa mhandisi ulibidi ulizunguke kwa nyuma, na nyuma yake kuna nyumba moja tu iliyosogea mbele ya wenzake, kwa sababu mwenyewe alitaka kuiona stesheni akiwa kitandani mwake. Nyumba yetu. Wengine wote wanapona. Inaliwa yetu tu, na chumba chako kinaliwa kwanza, kile nilichokufungia na kukifagia kila mwezi hadi utakapostaafu urudi.

Mhandisi alikuja mwenyewe kunieleza. Ni mtu mwenye adabu, nakiri, ingawa alikalia kiti cha Baba bila kuuliza. Alisema yeye haamini habari ya tanuri hata kidogo, lakini yeye ni mtu wa lami, nani atamsikiliza? Akaniomba. Alisema, "Mwalimu, kuna mkutano wa mwisho shuleni. Wewe umefundisha kemia, na umekulia hapa. Ukisimama ukasema vumbi lile lina kasoro, nitadai lipimwe upya, na mstari wangu utarudi ulikokuwa. Maneno yako tu, mzee wangu." Wiki hiyo hiyo ikafika barua yako ikisema neno hilo hilo, pamoja na ule mstari chini yake.

Kasoro ipo. Acha nikufundishe kidogo, hata kama hukuniomba. Kila kilicho hai, mti, ng'ombe, wewe na mimi, kinavuta ndani aina fulani ya kaboni ambayo huisha polepole. Kikifa kinaacha kuvuta, na ile iliyomo inaendelea kupungua. Ukipima iliyobaki unajua kilikufa lini. Ni kazi safi, siidharau. Lakini makaa ya mawe ni miti iliyokufa kabla hata binadamu hajafikiriwa. Kaboni hiyo ndani yake imekwisha kabisa. Sasa chukua mkaa wa kuni za jana, changanya na vumbi la makaa ya mawe kwa kiasi cha robo tu, mpe mpimaji. Kipimo kitakwambia kwa heshima zote kwamba kuni za jana zilikatwa miaka elfu mbili iliyopita. Ni kama kutia maji kwenye maziwa halafu mpimaji amlaumu ng'ombe. Na yale mabonge yenye matundu si mavi ya chuma. Ni mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, yale tuliyokuwa tukiwarushia mijusi.

Swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza ni hili: kwenye stesheni ambako injini za makaa zilisimama kunywa maji kila siku, vumbi la makaa lingetoka wapi? Hawakuuliza. Walikuwa na kofia, brashi, kamba na shahada, na wote walikuwa wamesimama juu ya njia ya treni wakitafuta wahunzi. Kosa kama hili haliwezi kufanywa na mjinga. Linahitaji elimu, tena elimu ya gharama.

Kwa hiyo nilikwenda mkutanoni. Nilipiga pasi suruali ya kijivu, nikapanga maneno yangu njiani kama ninavyopanga somo, nikiwa na furaha mbaya moyoni, ile ya mwalimu anayejua kuwa darasa zima limekosa.

Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mbele, Mwenyekiti kwenye kiti chenye mikono. Pembeni, mhandisi, akinitazama mimi tu. Daktari akazungumza. Akasema tanuri hili ni kazi ya fundi mkubwa, mwanamume wa nguvu, mtu ambaye jamii yake yote ilimtegemea kwa riziki. Akasema tunajua hivyo kwa sababu fundi huyo ametuachia mkono wake. Mwanafunzi mmoja akafunua picha iliyokuzwa ikawa na ukubwa wa mlango. Mdomoni mwa tanuri, kwenye udongo, kulikuwa na alama ya kiganja cha kushoto, imegandamizwa kwa makusudi, ikachomwa na moto ikabaki. Daktari akasema tazameni kidole kidogo, kimepinda kuelekea nje, bila shaka fundi aliumizwa na nyundo kazini.

Kisha Filimbi, na sijui ni nini kilimwingia mtu yule asiye na haya, akasimama akavua kofia ya Baba, akaishika kifuani. Mwenyekiti naye akasimama. Halafu chumba kizima, madawati yakilia, wakasimama mbele ya mkono ule.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hukuwahi kuambiwa, kwa sababu ulizaliwa sakafu ile ikiwa imeshakauka, na sisi tuliojua tulikatazwa kulitaja.

Siku zile mishahara ililetwa kwa treni, na treni ya mishahara ilikuwa na tabia ya kupotelea njiani kwa miezi. Baba alikuwa na kofia, filimbi, bendera na njaa. Mama akachukua udongo wa chini ya tangi, ule uliokuwa na maji daima, akaufinyanga kwa mikono yake nyuma ya ghala, akajenga tanuri la mikate. Si la chuma, mdogo wangu. La mikate. Nilimkandia unga mimi mwenyewe hadi viwiko vikauma. Aliwasha kwa kuni, na injini ilipokuwa ikinywa maji, yule bwana wa koleo, aliyelisha moto wa injini, alimwangushia makaa kidogo, na Mama akamtilia mkate wa moto kwenye kofia yake. Kisha alikuwa akipita na kapu chini ya madirisha ya mabehewa. Mikono ilikuwa ikitoka kila dirisha. Abiria hawakujua jina la stesheni yetu, mdogo wangu, ingawa Baba alipaka rangi ubao ule kila mwaka. Walisema, "Amkeni, tumefika kwenye mikate."

Baba alilisikia neno hilo. Mikate alikuwa akiila, tena aliulizia ile ya ukoko. Lakini kuitwa mkuu wa stesheni ya mikate kulimchoma. Siku moja ikaja habari kwamba mkaguzi mkuu atapita na behewa lake. Baba akasema mke wa mkuu wa stesheni si mchuuzi, na makaa ya shirika hayawezi kukutwa jikoni kwake. Unga ulikuwa umeshaumuka kwenye beseni. Akachukua nyundo, yeye na mshika njia, yule wa kubadilisha reli, wakavunja paa la tanuri, wakajaza kifusi, wakamwaga juu yake saruji iliyoletwa kutengeneza jukwaa. Mama alisimama mlangoni na unga mikononi. Unga ule aliuacha ukaumuka ukapita beseni, ukamwagika sakafuni, ukakauka, na hakuna aliyethubutu kuugusa hata Baba.

Mkaguzi hakusimama. Injini yake ilikuwa imekunywa maji stesheni ya nyuma. Treni ilipunguza mwendo, tukaona kitambaa cha mezani kikipepea dirishani, labda alikuwa akitusalimu, labda alikuwa akikung'uta makombo. Baba alisimama na saluti hadi vumbi lilipotua.

Mama hakuoka tena hadi anakufa. Alikuwa akinunua mkate dukani kama watu wote, anauvunja pembe, anaunusa, anauweka chini. Na jioni alikwenda na ungo wake kukaa juu ya saruji ile, na sisi tukacheka. Baba akamwambia mbele yetu kwamba mtu aliyezoea stoo humtoi stoo. Nilicheka hata hapo.

Sasa utazame mkono wako wa kushoto. Kile kidole kidogo kilichopinda nje, kama kinakataa kukaa na wenzake, kile ulichokuwa ukikificha mfukoni shuleni na ambacho Mama alikibusu mara kwa mara bila kukueleza sababu. Usiniambie ni nyundo.

Nilijua tanuri ni la nani tangu saruji ilipovunjwa. Nilikuwa nimejiandaa kulisema. Lakini alama ya kiganja sikuwahi kuiona; nadhani aliiweka peke yake, udongo ukiwa mbichi, kwa siri kama mtu anayetia sahihi. Na hapo mbele yangu, watu ambao nimewadharau kwa miezi, na bado nawadharau, wamesimama wamevua kofia mbele ya mkono wa Mama. Wamekosea kila kitu. Jina, umri, kazi, hata jinsia. Wakapatia jambo moja tu, kwamba ni mtu aliyelisha watu, nasi tuliojua mengine yote sahihi hatukuwahi kumsimamia.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kupinga. Una la kusema?" Mhandisi alikuwa ameshafungua kalamu yake.

Nilipiga hesabu yangu haraka. Nikisema ni la kale, linabaki. Nikisema ni tanuri la mama yangu, halijatimiza miaka mia, si kitu, na kesho tingatinga linapita juu yake kama nyundo ya Baba ilivyopita. Sheria haina neno kwa ajili ya mikate.

Basi nikasimama. Nikasema naomba tu liwekewe paa na kioo mapema, kabla ya mvua, kwa sababu udongo ule haujazoea maji baada ya kukaa kavu muda mrefu. Nikakaa. Wakapiga makofi. Daktari akaandika, na safari hii sikuchungulia. Mhandisi alifunika kalamu yake taratibu, akanitazama kama mtu aliyenunua dawa akakuta ni chokaa.

Ndiyo hivyo. Nimekupotezea nyumba, na nusu yake ni yako. Sikukuuliza, kwa sababu ungenijibu kwa akili, na ningekuwa sina la kukujibu. Ukasirike, una haki, nami sitajitetea zaidi ya haya niliyoandika. Tumepewa kiwanja ng'ambo ya kijito, fundi ameanza msingi, na chumba chako ndicho nilichomwambia aanze nacho. Nimechukua ungo wa Mama na saa yako ya kengele. Yale maandishi ya saruji juu ya mlango, "MKUU WA STESHENI", Filimbi aliomba ayabandue akayaweke kwenye maonyesho. Nikamwambia hapana. Yameumbwa kwa ajili ya mlango ule na yataanguka nao. Akasema mimi ni mzee mwenye roho mbaya. Nikamwambia amechelewa kugundua.

Tingatinga litakuja mvua zikikatika. Ukipata ruhusa, njoo kabla fundi hajafunga kioo. Mlinzi wa pale alikuwa mwanafunzi wangu, hakufaulu hesabu, lakini ni mstaarabu; nikimwomba atatazama upande mwingine wakati ukiweka kiganja chako ndani ya kile. Kitaenea. Nimejaribu changu, hakikuenea.

Wasalimie wanao kila mmoja kwa jina lake. Waambie mjomba wao bado anasahihisha makosa ya dunia, isipokuwa moja. Msalimie na shemeji, na umwambie dawa ya goti aliyonitumia inanuka lakini inasaidia. Jirani anakusalimu, na paka pia, kwa namna yake. Lala mapema, na usisimame wodini kuliko inavyolazimu.

Ni mimi kaka yako mkubwa, anayekupenda na asiyetaka kujibiwa kwa herufi kubwa,

Mwalimu.

Tena: ukija, Daktari asiuone mkono wako. Atataka kuupima umri.